Misingi ya Fitolojia: Uainisho wa Antena za Magari Katika Kata ya Naliendele

0. Wasia kwa mwanafunzi

Mwanafunzi wangu, kabla hujashika kalamu, zima injini. Fitolojia haifundishwi gari likiunguruma, kwa sababu utakazozikuta katika sehemu ya 5, ambayo huna ruhusa ya kuichungulia kabla ya wakati wake.

Fitolojia ni taaluma inayochunguza fito za chuma zilizochomekwa kwenye magari kwa nia ya kukamata redio. Wapo wanaoiita kazi hii "kurekebisha antena". Hao ni mafundi, Mungu awazidishie riziki. Fundi huuliza antena imekatikia wapi. Sisi wanafitolojia huuliza kukatika ni hali gani, kuna daraja ngapi za kukatika, na je, kilichokatika kiliwahi kuungana?

Umuhimu wa somo hili hauhitaji ushahidi, nami sitautoa. Itoshe kusema kwamba binadamu amekwenda mwezini akarudi, na sauti yake ikafika duniani salama. Lakini Hiace inayotoka Naliendele alfajiri huingia Mtwara mjini abiria wakiwa wamesikia nusu ya taarifa ya habari, na nusu ya pili wameizua wenyewe. Uvumi, ugomvi na ndoa kuvunjika vina vyanzo vingi. Hakuna mtafiti aliyekwisha kuthibitisha kwamba hiki si kimojawapo.

1. Fasili

1.1 *Ufito* ni kitu chochote chembamba cha chuma, kilichonyooka au kilichopinda, ambacho mwenye gari anakitegemea. Asiyekitegemea ana chuma tu.

1.2 *Usikivu* ni hali ya redio kusema jambo na abiria wa kiti cha nyuma akalielewa bila kuuliza "Kasemaje?" Abiria wa mbele hahesabiwi katika vipimo, maana yeye husikia hata yasiyosemwa.

1.3 *Mkwaruzo* ni sauti yoyote itokayo redioni isiyo na mtangazaji. Mkwaruzo wenye mtangazaji ndani yake huitwa *mkwaruzo-mseto*. Mtangazaji mwenye mkwaruzo ndani yake ni suala la daktari wa koo, halituhusu.

1.4 *Ncha* ni sehemu ya ufito ambayo jirani anaiona. *Shina* ni sehemu ambayo haionwi na mtu: nati, waya, na mahali ufito unapokutana na bodi ya gari. Shika fasili hii hata ukisahau jina lako, kwa kuwa juu yake nimeijenga *Sheria ya Shina*: ugonjwa hukaa shinani, dawa hupelekwa nchani.

2. Kwa nini Naliendele

Naliendele ni kata ya Manispaa ya Mtwara Mikindani, kando ya barabara iendayo Nanyamba, Tandahimba na Newala. Dunia inaijua kwa kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Naliendele, kinachoongoza utafiti wa korosho nchini. Ipo hata mbegu ya karanga iitwayo Naliendele 2009. Karanga zimetangulia, antena zinafuata. Sababu za kuichagua kata hii ni nne.

Ya kwanza ni chumvi. Upepo wa bahari haumwonei haya mtu, na nati yoyote iliyokaa juu ya bodi bila mafuta itapata kutu.

Ya pili ni salfa. Msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya ubwiri unga, pikapu hubeba salfa ya unga, na unga huo ukikutana na unyevu haupatani na shaba. Ule ukoga wa kijani na mweusi unaojitokeza kwenye viungio vya waya nimeupa jina la kitaaluma, *ubwiri-kutu*. Naamini wenzangu wa korosho hawatadai hakimiliki.

Ya tatu ni mwinuko. Barabara hii inaacha pwani na kupanda taratibu kuelekea uwanda wa Makonde, hivyo gari moja katika safari moja hupitia ngazi zote za usikivu.

Ya nne, na nzito kuliko zote, ni ukaribu. Redio ya jamii, Jamii FM, iko humuhumu Naliendele. Mtu anayeshindwa kukamata redio ambayo angeipigia kelele ikamsikia hana tatizo la umbali. Mtu huyo ni dhahabu kwa sayansi.

3. Nadharia ya Tisini

Magari mengi yanayopita hapa yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani. Kule redio ya FM ilipangiwa megahezi 76 hadi 90, na matoleo ya karibuni hufika 95. Kwetu FM huanzia 87.5 hadi 108. Chora mistari hii miwili daftarini, mmoja juu ya mwingine. Utaona inakutana kwenye kipande cha megahezi mbili na nusu tu, 87.5 mpaka 90. Kipande hicho kinaitwa *Shingo ya Tisini*. Mwenye gari la zamani ambaye stesheni aipendayo imeangukia shingoni ni mtu wa bahati. Wengine wote wanaendesha redio nzima, spika nzima, antena nzima na ukimya mzima.

Dawa yake ni ekspanda, kisanduku kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio ili kushusha masafa. Ekspanda ya 12 huifanya stesheni ya 98 ijitokeze kwenye 86. Dereva anayeambiwa "weka tisini na nane" hana budi kutoa kumi na mbili kichwani huku akikwepa bodaboda. Kwa njia hii ekspanda imeendesha elimu ya watu wazima nchini bila kuomba bajeti.

Hapa panazaliwa mgawanyiko mkubwa. Ekspanda ya 12 huona kuanzia 88 mpaka 102, na ya juu yake haiyajui. Ekspanda ya 18 huona 94 mpaka 108, na ya chini yamempotea mwenye nayo. Hivyo basi jamii ya wenye magari imegawanyika katika madhehebu mawili: *Washusha-Kumi-na-Mbili* na *Washusha-Kumi-na-Nane*. Ndugu wa tumbo moja, dini moja na timu moja wanaweza kuishi miaka mingi kila mmoja akidhani mwenzake anazua majina ya stesheni. Ndoa baina ya madhehebu haya inaruhusiwa, ila kila mmoja abaki na gari lake.

Zingatia pia kwamba ekspanda ina waya mweusi unaopaswa kukazwa kwenye bodi. Ukilegea, redio inakoroma. Mwenye gari akisikia inakoroma hushuka na kwenda kuvuta antena. Andika pembeni: Sheria ya Shina, ushahidi wa kwanza.

4. Aina saba za antena

*Aina ya I: Ufito-Mvuto.* Huonekana kwenye Corolla za zamani na pikapu, umesimama kando ya boneti. Wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3 (chukua 300, gawanya kwa 100), na ufito hupenda robo ya wimbi, yaani sentimita 75. Robo nyingine iliyokosekana angani inajazwa na bodi: chuma cha gari ni nusu ya antena. Mwenye tamaa huunganisha fito mpaka mita moja na nusu akitarajia usikivu mara mbili. Anapata pungufu, kwa kuwa hapo amefika nusu ya wimbi, na ufito wa namna hiyo haupatani na waya uliofungwa shinani mwake. Aina hii ina vijamii vitatu: (a) *Kamili*, (b) *Kwamo*, uliokwama katikati kwa kutu, na (c) *Pinde*, uliopindwa na tawi la mkorosho. Pinde nayo ni *Pinde-Mbele* au *Pinde-Nyuma*. Sijaona tofauti yoyote ya usikivu baina ya hizi mbili, na ndiyo maana jambo hili linahitaji utafiti mrefu.

*Aina ya II: Kidole.* Kifupi, cheusi, kiko juu ya paa. Ufupi wake ni wa nje tu, maana ndani waya umezungushwa, na shinani mara nyingi kuna kikuza-mawimbi kinachohitaji umeme. Mwenye gari akibadilisha redio ya Kijapani akaweka mpya yenye skrini, waya wa bluu unaopeleka umeme huo huachwa ukining'inia nyuma ya dashibodi. Kikuza kinalala. Mwenye gari anakwenda dukani kununua Kidole kirefu zaidi. Ushahidi wa pili.

*Aina ya III: Pezi.* Limechongwa mfano wa pezi la papa. Kuna *Pezi-Hai*, lenye waya chini yake, na *Pezi-Pambo*, lenye gundi. Kuyatofautisha kwa macho hakuwezekani. Mtaalamu hulibandua, na likibanduka anajua lilikuwa Pambo. Pezi-Pambo haliongezi usikivu wala halipunguzi. Ni antena pekee isiyodaiwa chochote na ulimwengu.

*Aina ya IV: Mchirizi.* Ni nyuzi nyembamba zilizochorwa ndani ya kioo, kama katika Noah nyingi. Adui yake ni tinti yenye chembe za metali, ambayo huyazuia mawimbi pamoja na jua. Usiichanganye na stika ya plastiki. Stika haizuii wimbi. Mwenye kioo cheusi na redio bubu asiisingizie stika ya timu ya Ndanda Kuchele.

*Aina ya V: Henga.* Ni henga ya nguo, ya waya, iliyonyooshwa na kuchomekwa kwenye tundu la antena iliyovunjika. Wasomi wa mjini huidharau. Kosa. Chuma ni chuma, na henga iliyokatwa sentimita 75 hupokea vizuri kwa sharti moja: isiguse bodi. Ikigusa, mawimbi yanaishia kwenye bodi kabla hayajafika redioni. Kipande cha mpira wa baiskeli kikizungushwa shinani kinatosha. Henga ya plastiki haimo katika uainisho huu. Ni kosa la kifalsafa.

*Aina ya VI: Sikio.* Ni ya dereva wa bodaboda. Redio ya simu haifunguki mpaka uchomeke waya wa sikioni, kwa sababu waya huo ndio antena yenyewe. Kila anapogeuza shingo kuangalia abiria, ufito wa taifa hili hubadili mwelekeo.

*Aina ya VII: Konda.* Hii ndiyo kilele cha mageuzi, tuitazame kwa karibu. Hiace imejaa. Mpira unachezwa uwanja wa Nangwanda Sijaona. Ufito wa paani umevunjika, kimebaki kijiti cha kushika kwa vidole. Konda, akiwa ananing'inia mlangoni, ananyoosha mkono juu na kukibana. Redio inafunguka: mtangazaji yule, kona inapigwa. Mama mwenye tenga la dagaa anasema, "Hapohapo, mwanangu, usitoe mkono!" Gari linafika kituoni. Wawili wanashuka, mmoja anadai chenji. Konda anaachia kijiti. Krrrrr. Vidole vinaporudi, uwanja mzima unashangilia na ndani ya gari hakuna ajuaye goli ni la nani.

Maelezo ya kisayansi ni mepesi. Mwili wa mtu una maji na chumvi, hupitisha umeme, kwa hiyo konda ameurefusha ufito. Tunamwainisha kuwa antena wima inayodai nauli. Kasoro yake ni moja: haifungwi kwa nati.

5. Uainisho wa mikwaruzo

Mwanafunzi mvivu husema "redio inakwaruza" akaishia hapo. Huyo atolewe darasani. Mikwaruzo ya ndani ya gari ni mitatu, na kila mmoja una ukoo wake.

*Mluzi* hupanda sauti unapokanyaga mafuta na kushuka unapoachia. Baba yake ni altaneta. *Mdonoo* ni ta-ta-ta inayokwenda na mzunguko wa injini. Baba yake ni plagi na waya zake. *Mvumo* hauijali injini kabisa. Chomoa chaja ya simu au zima taa za rangi ulizofunga ndani, nao unatoweka. Baba yake ni wewe.

Sasa unajua kwa nini nilikuzimisha injini. Mkwaruzo uliobaki injini ikiwa imezimwa na chaja imechomolewa ndio *mkwaruzo halali*, wenye asili ya angani au shinani, na ndio pekee unaostahili kusomewa shahada. Kwa Mluzi na Mdonoo, anza kwa kukaza waya wa bodi kabla ya kununua kitu.

6. Upeo

Mawimbi ya FM husafiri karibu sawa na jicho linavyotazama, hayapindi sana kufuata mviringo wa dunia. Kanuni yake ni hii: tafuta kipeuo cha pili cha kimo cha mnara kwa mita, tafuta kipeuo cha pili cha kimo cha antena yako, jumlisha, zidisha kwa 4.12. Jibu ni kilomita.

Mnara wa mita 49 hutoa 7. Antena ya pikapu iliyo mita 2.25 kutoka ardhini hutoa 1.5. Jumla 8.5, mara 4.12, upeo ni kilomita 35. Basi kubwa lenye antena mita 4 juu hutoa 2, na upeo wake ni kilomita 37. Kwa hiyo abiria wa basi anamzidi mwenye pikapu kilomita mbili za ustaarabu. Ndani ya kilomita mbili hizo taarifa nzima ya hali ya hewa yaweza kusomwa, mmoja akanunua mwavuli na mwenzake akalowa.

Lakini tazama: kuongeza karibu mita mbili za ncha kumeleta kilomita mbili tu. Kupanda mpaka Newala, kwenye ukingo wa uwanda unaolitazama bonde la Ruvuma, kunamweka dereva mamia ya mita juu bila kununua chochote. Huko redio huanza kuchanganya Kiswahili na Kireno cha ng'ambo. Kimo kinashinda urefu, na kimo hakiuzwi dukani.

Asidhani mtu kwamba haya ni madogo. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, FRELIMO ilikuwa na makao Dar es Salaam, na matangazo yake ya redio ya masafa mafupi yalivuka Ruvuma kuwafikia watu waliosikiliza kwa siri. Masafa mafupi hupenda waya mrefu, na waya mrefu hupenda mti. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Kuhusu bunduki za vita hivyo wanahistoria wameandika sana. Kuhusu waya, bado nawasubiri.

7. SCAN kama kipimo cha utu

Kwenye redio yako pana kitufe kilichoandikwa SCAN. Kibonyeze. Redio itatembea kwenye masafa, ikisimama kila inapokutana na wimbi lenye nguvu ya kutosha, kisha kuendelea. Idadi ya vituo inavyosimama katika mzunguko mmoja naiita *Kigezo cha Vituo*, nacho ni kipimo cha usikivu kisichohitaji maabara. Hesabu kabla ya matibabu, hesabu baada ya matibabu, mahali palepale, saa ileile.

Redio inayozunguka bila kusimama popote ina *uzururaji-masafa*. Isitukanwe wala kupigwa kofi, ingawa kofi limewahi kuleta nafuu kwa kugusanisha waya uliolegea, jambo linalothibitisha Sheria ya Shina kwa njia ya ukatili.

Wapo wanafunzi wanaotaka skana ya kweli, inayopita kwenye masafa ya vyombo vya baharini na ya ndege. Hesabu yao ni rahisi: chaneli ya 16 ya baharini iko megahezi 156.8, robo ya wimbi ni kama sentimita 48. Lakini vifaa vya mawasiliano viko chini ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010 inakataza kunasa mazungumzo yasiyokuhusu. Fitolojia ni elimu ya kupokea ulichotangaziwa. Ya kupokea ambacho hukutangaziwa tayari ina wataalamu mtaani, wala haihitaji ufito.

8. Tiba

Tumia mita ya fundi umeme, upande wa omu, antena ikiwa imechomolewa redioni. Vipimo hivi ni vya antena isiyo na kikuza.

(a) Kutoka nchani mpaka pini ya katikati ya plagi ya antena: mita isome sifuri au karibu na sifuri. Isiposoma, waya umekatika.

(b) Kutoka pini hiyo mpaka bodi: isisome kitu. Ikisoma, ufito unagusa bodi.

(c) Kutoka pete ya nje ya plagi mpaka bodi: isome sifuri. Isiposoma, shina limekufa kwa ubwiri-kutu.

Kwa kasoro ya tatu, ambayo ndiyo iliyoenea, fungua nati, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo kuzuia chumvi, kaza. Kazi imekwisha. Gharama ni kipande cha msasa. Mwenye gari ataona haya kwamba jambo lililomsumbua miaka mingi lilikuwa dogo hivyo. Mwambie kwa upole kwamba halikuwa dogo, lilikuwa chini.

9. Mtihani

Jibu maswali yote. Hairuhusiwi kuwasha chaja ya simu ukumbini.

1. Tofautisha Pezi-Hai na Pezi-Pambo bila kubandua la mtu. (Alama 10)

2. Mshusha-Kumi-na-Mbili anatafuta stesheni ya 105. Mfariji. (Alama 15)

3. "Konda ni antena, lakini si kila antena ni konda." Jadili kwa kurejelea suala la chenji. (Alama 25)

4. Swali la vitendo. Gari la mwalimu limeegeshwa chini ya mwembe. Fungua shina, lisafishe kwa mujibu wa sehemu ya 8, kisha bonyeza SCAN na uandike Kigezo cha Vituo. Msasa uko kwenye kidroo cha dashibodi; grisi uje nayo. Redio ikisimama angalau mara moja, umefaulu. Isiposimama, utarudia somo hili mwakani, ada ileile. (Alama 50)